Neva Huota Polepole: Mhadhara kuhusu Majeraha na Maradhi ya Neva Visiwani Muleba



Kwa upande wa kupona, neva za binadamu ziko makundi mawili. Zile zinazotoka mgongoni kwenda mikononi na miguuni, zikikatwa, zinaweza kuota tena. Zile zilizo ndani ya ubongo na ndani ya ugwemgongo, yaani ule ugwe laini unaopita katikati ya mifupa ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima haziungi wala hazioti kiasi cha kurudisha kazi iliyopotea. Mhadhara huu unakusudia kueleza kwa nini iko hivyo, watafiti wamefikia wapi katika kuibadili hali hiyo, na kipi kati ya matokeo yao kinamfaa mtu anayeishi Goziba, kata ya kisiwani katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ambako mgonjwa husubiri boti na hali ya hewa kabla hajamfikia daktari wa upasuaji. Hoja ziko nne. Kiharusi na kifafa havikuguswa, kwa kuwa kila kimoja kinastahili siku yake.

1. Neva ya mkono au mguu huota, ila kwa mwendo wake

Mwaka 1850, mjini London, Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuchunguza kilichofuata. Kipande kilichobaki upande wa chini, mbali na chembe mama ya neva, kilikufa na kumomonyoka. Kipande cha juu kilibaki hai. Ugunduzi huo ndio msingi wa yote yaliyofuata. Uzi wa neva, unaoitwa aksoni, ni mkono mrefu wa chembe moja ambayo mwili wake uko mgongoni au karibu nao. Aksoni inayofika kwenye kidole gumba cha mguu ina urefu unaokaribia mita moja. Ikikatwa, sehemu iliyotengwa na chembe yake haina njia ya kulishwa.

Kuota kwake kunategemea wasaidizi. Kila aksoni ya mkono au mguu imezungukwa na seli za Schwann, ambazo siku za kawaida hutengeneza utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe. Neva ikikatwa, seli hizo huacha kazi ya utando, hushirikiana na seli za kinga kusafisha mabaki, hujipanga mstari mmoja ndani ya mrija mtupu, na kutoa kemikali zinazoita aksoni mpya ije. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo kufahamika ndiyo iliyowapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986.

Si kila jeraha la neva lina uzito sawa. Herbert Seddon, aliyetibu askari nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyagawa mwaka 1943 katika ngazi tatu, na mgawanyo wake bado unafundishwa. Katika ngazi ya kwanza neva imebanwa tu na ujumbe umekatika kwa muda. Mvuvi aliyelala fofofo, mkono wake ukining'inia kwenye ukingo wa mtumbwi, huamka kiganja kimelegea hakiinuki. Kwa kawaida mkono huo hurudi wenyewe ndani ya wiki kadhaa, na dawa ya kupaka iliyotumika wakati huo husifiwa bure. Katika ngazi ya pili aksoni zimekatika lakini mirija yake imebaki mizima, kama inavyotokea mfupa wa mkono unapovunjika na kuvuta neva. Hapo aksoni huota na kuifuata njia yake ya zamani. Katika ngazi ya tatu neva yote imekatika vipande viwili. Aksoni zinajaribu kuota lakini hazioni pa kwenda, hujisokota na kuwa kinundu chenye maumivu, na bila upasuaji hakuna kinachotarajiwa.

Fundi anayeshona wavu uliochanika huupata ukiwa mzima siku hiyo hiyo. Daktari anayeshona neva hafanyi hivyo. Yeye huzileta ncha mbili pamoja tu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kisha kazi ya kuota inaanza, kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku.

Hesabu ya mwendo huo inahitaji kuzingatiwa kuliko jambo lolote lingine hapa. Kutoka kwenye kiwiko hadi misuli midogo ya kiganja cha mtu mzima kuna kama milimita 300. Neva iliyokatika kwenye kiwiko na kushonwa siku hiyo hiyo itachukua takriban miezi 10 kuifikia misuli hiyo. Nayo misuli iliyokosa neva haingoji milele. Hukonda, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu nafasi yake huchukuliwa na mafuta na makovu, kiasi kwamba hata neva ikifika haikuti tena cha kuamsha. Mgonjwa akishonwa neva baada ya miezi 8, miezi hiyo 8 pamoja na 10 ya kuota inafika 18. Amefika mwisho wa mpaka huo. Hisia za ngozi zinaweza kurudi hata kwa kuchelewa, lakini nguvu za vidole zimekwenda.

Neva iliyokatika kwenye kifundo cha mkono ina safari fupi zaidi, miezi 2 au 3. Kisu cha kusafishia samaki, panga, chupa iliyovunjika na kamba iliyokazwa na injini hukata zaidi sehemu za mkono zilizo chini ya kiwiko. Kwa hiyo majeraha mengi ya mwaloni ni yale yenye matumaini, ilimradi yatambuliwe mapema. Tatizo ni kwamba hayatambuliwi. Kidonda kinasafishwa, ngozi inashonwa vizuri, sindano ya pepopunda inachomwa, na neva iliyo chini yake inabaki imekatika. Miezi inapita kabla mtu hajasema kwamba vidole havifungi kifungo.

Kipimo chake hakihitaji umeme. Wasikilizaji wanaweza kujipima hapo walipokaa: tandazeni vidole vimeachana, kwa nguvu. Anayeshindwa ana mashaka kwenye neva inayopita nyuma ya kiwiko. Geuzeni kiganja kitazame juu, kisha inueni kidole gumba kielekee dari. Hiyo ni neva ya katikati ya mkono. Inueni kifundo kama anayesimamisha gari. Hiyo ni neva ya tatu ya mkono. Ongezeni kuguswa kwa ncha ya kidole kidogo na ya kidole cha shahada huku macho yamefumbwa. Inachukua dakika moja, na inapaswa kufanywa kabla ya ganzi ya kushonea kuchomwa, maana baada yake jibu halina maana.

2. Ugwemgongo hauoti, na kinachomuua aliyepooza mara nyingi kinaepukika

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba aksoni za ugwemgongo hazina uwezo wa kuota kabisa. Mwaka 1981, mjini Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya na kukiweka kama daraja kati ya sehemu ya chini ya ubongo na ugwemgongo. Aksoni za ndani, zile zilizodhaniwa kuwa tasa, ziliota ndani ya daraja hilo sentimita nzima na zaidi. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena kwenye ugwemgongo, zilisimama. Ikadhihirika kuwa uwezo wa kuota upo, ila mazingira yanauzuia.

Martin Schwab, mjini Zürich, alionyesha kuanzia mwaka 1988 kwamba utando wa mafuta wa ndani ya ubongo na ugwemgongo una protini inayozuia aksoni kuota. Baadaye protini hiyo iliitwa Nogo. Panya waliopewa kingamwili ya kuifunga waliota aksoni na kupata mwendo bora. Binadamu wamekuwa wagumu zaidi. Jaribio la Ulaya la kingamwili hiyo kwa watu walioumia shingo halikuonyesha tofauti ya jumla kati ya waliopewa dawa na waliopewa maji ya chumvi, ingawa kulikuwa na dalili za faida kwa wale ambao ugwe wao haukukatika wote. Mjini Lausanne, Grégoire Courtine na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba vifaa vya umeme vilivyopandikizwa juu ya ugwemgongo vinaweza kuwawezesha baadhi ya waliopooza kutembea kwa msaada. Hapo hakuna kilichoota cha kuunganisha jeraha. Umeme unaziamsha neva zilizosalia chini yake.

Inafaa kusema wazi, maana simu za mkononi zimejaa matangazo: hadi sasa hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia miguu mtu aliyekatika ugwemgongo, iwe Dar es Salaam, India au kokote. Familia inayotaka kuuza shamba la kahawa kwa ajili hiyo iulize kwanza majaribio hayo yamechapishwa wapi.

Manufaa makubwa kuliko yote katika eneo hili hayakutoka maabara. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi waliovunjika mgongo walikufa katika wiki au miezi ya mwanzo kwa maambukizi ya mkojo na vidonda vya kulalia. Ludwig Guttmann alipofungua kitengo chake cha Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili usiku na mchana, mkojo utolewe kwa usafi, na mazoezi yaanze mapema. Waliokuwa wanahesabiwa maiti waliishi, wakafanya kazi, wakacheza michezo. Kugeuza mgonjwa hakuhitaji mashine. Kunahitaji mtu na saa ya ukutani.

Tanzania ina mahali pa kupelekea majeraha haya. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa mwaka 1996, hufanya upasuaji wa ubongo, mgongo na neva, na karibu zaidi na Kagera iko Hospitali ya Bugando, Mwanza. Watafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, walipopitia kumbukumbu za wagonjwa wao na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kuanguka na ajali za barabarani vikiongoza kati ya sababu. Watu wa Kagera hawatashangaa. Mti wa parachichi, mwembe, paa linaloezekwa na bodaboda ya jioni vinafahamika kila kata. Kisiwani huongezeka mtu anayejitupa majini kichwa mbele mahali asipojua kina.

Anayehamisha mgonjwa wa namna hiyo ndiye tabibu wake wa kwanza. Uvimbe na kukosa damu huendelea kuua chembe za ugwemgongo kwa saa na siku baada ya ajali, na mfupa uliovunjika ukicheza huongeza uharibifu. Mtu aliyeanguka na kusema miguu haina hisia asikalishwe, asibebwe mgongoni, asikunjwe kwenye kiti cha boti. Alazwe juu ya ubao, kichwa na shingo vikishikwa sawa na kiwiliwili, na watu wanne wamgeuze kwa pamoja. Ubao wa kuanikia dagaa uliosafishwa unafaa. Dawa ya homoni kwa kipimo kikubwa, iliyosifiwa sana kuanzia mwaka 1990, leo haipendekezwi kuwa tiba ya kawaida, kwa kuwa faida yake ilikuwa ndogo na yenye mashaka huku madhara yakiwa dhahiri.

3. Si kila miguu iliyopooza imepigwa na ajali

Wakazi wa visiwa vya ziwa wanakijua kichocho cha matumbo. Konokono wake wako kwenye maji yale yale ya kuogea na kuoshea. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mayai ya minyoo ya kichocho huweza, kwa watu wachache, kufika kwenye mishipa ya damu iliyouzunguka ugwemgongo na kuuvimbisha. Kijana huanza na maumivu ya kiuno, kisha miguu inakuwa mizito na mkojo unakwama, ndani ya siku au wiki. Huo ni ugonjwa wa mgongo unaoweza kutibika kwa prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, na matokeo hutegemea wakati. Kijana anayetibiwa mapema anaweza kutembea tena. Anayepelekwa kwanza kutafutiwa aliyemroga hupoteza siku ambazo ugwe wake ulikuwa bado hai. Kifua kikuu cha mgongo kinafanana na hicho: kinakuja taratibu, kinapinda mgongo, na kinatibika kwa dawa zile zile za TB zinazotolewa bure.

Konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu, ni habari nyingine, na ilitokea kando ya ziwa hili hili, ng'ambo ya mashariki. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, watoto na wanawake waliamka miguu imekakamaa, magoti yakigongana, wengine hawawezi kusimama kabisa. William Howlett, G. R. Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling waliwachunguza na kuchapisha mwaka 1990 katika jarida la Brain. Ugonjwa huo ulikwisha kuelezwa na Trolli katika Kongo mwaka 1938, na mwaka 1981 ulikuwa umewaangusha watu zaidi ya elfu moja kaskazini mwa Msumbiji.

Chanzo chake ni mchanganyiko wa mambo mawili. Njaa iliwafanya watu wapunguze siku za kuloweka na kuvundika muhogo mchungu, hivyo sumu ya sianidi ikabaki kwenye unga. Mwili huisafisha sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, na mwaka wa njaa nyama, samaki na maharage havikuwepo mezani. Sumu iliyobaki ikaharibu zile neva za juu zinazotoka ubongoni kuamuru miguu. Kwa kuwa ni za kundi lisiloota, kilema cha konzo ni cha kudumu. Hakiongezeki, lakini hakiondoki. Konzo imerudi kusini mwa Tanzania, mkoani Mtwara, katika karne hii.

Goziba wana kinga mikononi mwao: dagaa. Kipande cha ugali wa muhogo kikiliwa na dagaa kinaingia mwilini pamoja na salfa ya kukisafisha. Kambi inayouza dagaa wote hadi wa mwisho na kubakiza unga wa muhogo kwa watoto inauza kinga hiyo. Pale ambapo muhogo haukulowekwa vya kutosha, Howard Bradbury wa Australia alibuni njia rahisi ambayo Mlingi na wenzake waliijaribu Mtwara: unga unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi ipae, kisha unapikwa siku hiyo hiyo.

4. Ganzi ni dalili, na ganzi isiyoheshimiwa hukata vidole

Neva za mikono na miguu huharibika pia bila kukatwa. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen mwaka 1873, huingia hasa kwenye seli za Schwann, wale wasaidizi wa kuota waliotajwa. Mwaka 2013 kundi la Anura Rambukkana lilionyesha kwa panya kwamba bakteria huyo anaweza kuzirudisha seli hizo utotoni, zikawa kama seli shina, kisha akasafiri nazo kwenda sehemu nyingine za mwili. Uwezo uleule unaoifanya neva iote ndio anaoutumia kuenea. Kwa watafiti wa neva huo ni mlango mpya. Kwa mgonjwa, tiba inayoua bakteria ipo tangu WHO iipendekeze mwaka 1981, na ni bure.

Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kitaifa cha chini ya mgonjwa mmoja kwa watu 10,000. Mafanikio hayo yameleta hatari yake: wahudumu vijana hawajawahi kuona baka la ukoma. Baka lililopauka lisilo na hisia linapita kama utangotango. Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, alithibitisha kwamba vidole vya mwenye ukoma havianguki kwa kuoza. Vinaungua jikoni na kukatwa na kamba kwa sababu mwenyewe hasikii, kisha vidonda visivyouma vinaachwa. Mvuvi anayevuta kamba usiku kucha kwa kiganja chenye ganzi yuko kwenye hatari hiyo hiyo, awe na ukoma au kisukari.

Kagera ina historia nyingine ya neva. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walitoka mkoa huu, mwaka 1983. VVU yenyewe huharibu neva za nyayo, na dawa ya stavudini, iliyookoa maisha ya wengi, iliongeza moto na ganzi miguuni hadi WHO iliposhauri mwaka 2009 iachwe. Dawa ya TB ya isoniazidi nayo hula vitamini B6, ndiyo maana kidonge cha pili hutolewa pamoja nayo. Wanaokitupa kidonge hicho kidogo kwa kuwa "si dawa yenyewe" hulipa kwa nyayo zao.

Kuhusu ile sindano nyekundu ya B12 inayoombwa dukani kwa kila ganzi: humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hiyo. Kwa aliyekatwa neva, mwenye ukoma au mwenye kichocho cha mgongo, huchelewesha tu.

Yaliyo mbele

Utafiti unaoweza kuanza visiwani hauhitaji maabara. Unahitaji daftari moja katika kila zahanati ya Goziba, Bumbile, Ikuza, Kerebe na Mazinga, lenye safu za jeraha, saa lilipotokea, saa mgonjwa alipofika, na majibu ya vile vipimo vya dakika moja. Hisia zipimwe kwa ncha ya kalamu ya biki, kama wahudumu wa ukoma walivyozoea kufanya, na vipimo virudiwe baada ya miezi 3, 6 na 12. Hapo itajulikana ni wangapi hupoteza mkono kwa jeraha lenyewe na ni wangapi huupoteza kwa kusubiri. Hospitali za Ndolage na Rubya zinaweza kuwa vituo vya kupokea simu ya mganga wa zahanati na kuamua nani avuke siku hiyo na nani asubiri. Bugando inaweza kupanga siku maalumu ya kliniki ya mikono, na viongozi wa mialo wanaweza kukubaliana na matajiri wa mitumbwi kwamba aliyepoteza hisia ya vidole ana nafasi kwenye boti ya kwanza inayotoka, kabla ya magunia ya dagaa.